Mhindi wa mjini na Mwarabu wa mlimani Morogoro: nani alifanikiwa? Niliyoyaona kwenye kikao cha ukoo

Wakuu, nawasalimu. Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba yenu nimeitoa kabla hamjaamkia.

Juzi kati kulikuwa na uzi humu, mtu analinganisha Wahindi na Waarabu wa mikoani. Hoja yake ilikuwa kwamba wote walikuja nchi hii mikono mitupu, mbona Wahindi wana maduka na maghorofa, na Waarabu wa huko shamba wamebaki wanauza ndizi na wenyeji? Watu wakachangia kwa matusi mpaka uzi ukafungwa.

Mimi sikuchangia. Si kwamba sikuwa na la kusema, ila la kwangu ni refu na lingepotea katikati ya matusi.

Leo mvua inanyesha hapa Kihonda, Morogoro mjini, na umeme umekatika. Fundi friji bila umeme hana tofauti na imamu bila msikiti, na simu yangu bado ina chaji. Nitaandika kama ilivyokuwa. Majina nimebadilisha, mengine yote ni ya kweli.

Mimi ni mjukuu wa Mwarabu wa mlimani. Rafiki yangu wa kufa na kuzikana, nimwite Dilip, ni mjukuu wa Mhindi wa mjini, Baniani kabisa wa kwenda hekaluni. Tulikaa dawati moja shule ya msingi, tukachapwa fimbo moja. Kwa hiyo nikizungumzia hizi jamii mbili sizungumzii watu wa kuwaona kwenye kioo cha gari.

Tuanze na mababu.

Babu yake Dilip aliletwa na mjomba wake. Lishikeni hilo neno, aliletwa. Alifika Morogoro akakuta duka, akakuta kitanda nyuma ya duka, akakuta na wali na dengu vinamsubiri. Akamtumikia mjomba miaka kadhaa, kisha Wahindi wenzake wakampa mali kauli, bidhaa za kulipia akishauza, akafungua la kwake. Sindano, nyuzi, vipuri vya baiskeli, mikanda ya mashine za kusaga. Duka hilo lipo mpaka leo, Dilip ndiye anayelikalia.

Babu yangu hakuletwa na mtu. Alitokea Yemen, wale ambao wazee wetu walikuwa wakiwaita Washihiri. Alifika mjini akakuta Waarabu wenzake wachache nao wanahangaika kama yeye. Mmoja akampa chumvi, mafuta ya taa na kanga kidogo akamwambia, mjini pamejaa, panda mlimani.

Akapanda, upande wa Kinole. Akauza chumvi, akanunua kahawa, akashuka, akapanda tena. Kisha akamwona Bibi Zena, binti wa Kiluguru, na habari ya kupanda na kushuka ikaishia hapo.

Kwa hiyo wakuu, ukitaka kuelewa tofauti ya hizi jamii, usianze na bidii wala akili. Bidii wote walikuwa nayo. Anza na swali la nani aliwapa mkono wa kwanza. Mhindi alipewa bidhaa na Mhindi mwenzake. Mwarabu wa mlimani alipewa mke na shamba na Waluguru.

Baadaye nyakati zikabadilika na zikawapiga wote wawili. Nyumba aliyojenga babu yake Dilip ikataifishwa, wakawa wapangaji kwenye vyumba walivyozaliwa. Huko mlimani babu yangu akakuta ushirika ndio unanunua mazao na duka la kijiji ndilo linauza chumvi. Akafunga kibanda chake cha mabati, akashika jembe.

Familia ya Dilip ilipoanguka ilidakwa. Jumuiya yao ilihakikisha watoto hawatoki shule. Wakapatikana ndugu wa Nairobi, baadaye wa Leicester. Kabla sisi hatujamaliza darasa la saba, shangazi zake Dilip walikuwa wanamtumia viatu kutoka Uingereza, navyo vikimbana ananipa mimi. Ndiyo, nimevivaa, na mnaotaka kusema Baniani mbaya kiatu chake dawa, semeni, nimeizoea.

Babu yangu naye alipoanguka alidakwa, ila na watu wenye jembe kama lake. Hakulala njaa hata siku moja. Lakini katika watoto wake hakuna hata mmoja aliyevuka darasa la nane. Hilo ni jambo la kuuma na sitalipamba.

Sasa niwape kituko kidogo. Mwarabu maskini nchi hii ni kiumbe cha ajabu. Nikienda kutafuta chumba, kodi inapanda nikiwa bado sijabisha hodi. Kamati za harusi hunipangia mchango wa matajiri. Nikisema sina, wananiangalia pua na nywele, wanacheka, wanasema "Mwarabu huyu mbahili." Pua nimerithi kwa babu, hela hakuacha.

Dilip naye ana lake. Kazaliwa Moro, baba yake kazaliwa Moro, Kiswahili chake ni cha Mji Mpya kuliko changu. Lakini hauishi mwezi bila mtu kumuuliza kwao ni India sehemu gani. Zamani alikuwa anakasirika. Siku hizi anajibu "Mji Mpya, karibu na mashine ya kusaga," anaendelea kupima bolti.

Na msidhani duka ni mgodi. Vipuri siku hizi kila mtu anafuata Kariakoo mwenyewe. Anakula, analipa bili, basi. Dada yake yuko Canada, kaka yake Leicester, wanawe wote wawili wamekwenda kusoma kwa shangazi yao na hawana dalili ya kurudi. Amebaki yeye, mkewe na mizani.

Turudi kwenye kisa chenyewe.

Baba yangu, Mzee Abeid, ni mtoto wa yule Mwarabu na Bibi Zena. Alifanya kazi kiwandani hapa Kihonda mpaka akastaafu. Mama yangu alipofariki, mzee akasema mjini hakumfai tena. Akapanda Kinole, akakarabati nyumba ya mama yake, akaanza kulima. Ana presha, lakini ukweli ni kwamba mlima ulimpa uhai. Mtu aliyekuwa anaota jua kwenye stuli Kihonda akawa anabishana na nyani wanaokula mahindi yake.

Na alikuwa ameshasema wazi, akifa azikwe ubavuni kwa mama yake. Alisema mara nyingi mpaka tukawa tunamwambia mzee badilisha mada.

Masika yaliyopita akanunua miche ya mikarafuu. Juu ya kaburi la Bibi Zena kuna mteremko uliokuwa umeachwa upumzike. Akaenda akaipanda pale, mche mmoja kwa kila mjukuu wake. Na mzee wangu hajui kufanya jambo kimya. Kila aliyepita njiani alioneshwa: huyu Zuwena, huyu Imrani, huyu mdogo wake Imrani. Zuwena, Imrani na huyo mdogo wao ni wanangu, na wote tulipopanda kumtembelea tulipiga nao picha wakiwa wameshika miche yao. Tulifurahi sana.

Kumbe tulikuwa tunachekelea bomu.

Kwa wasiojua mila za Uluguruni, nieleze kidogo. Kule ardhi ni ya ukoo, na ukoo unafuata mama. Mwanamume analima kwa mama yake, anajenga kwa mama yake, anazikwa kwa mama yake. Watoto wake wanatafuta pa kulima kwa mama yao. Baba yangu ana haki zote Kinole kwa sababu ya Bibi Zena. Mimi mama yangu ni Mnyamwezi, kwa hiyo kwa hesabu za mlima mimi ni mtu wa Tabora, mji ambao sijawahi hata kushuka stesheni yake.

Mahindi, mihogo, hata migomba, hakuna anayekuuliza. Mti wa kudumu ni habari nyingine. Mkarafuu unaishi kuliko aliyeupanda. Ukiupanda bila kuuliza ukoo umeshatangaza jambo, hata kama mdomo umeufunga. Na ukiupa jina la mtoto wa ukoo mwingine, umejenga ukuta.

Babu yangu alilijua hilo. Mikarafuu yake ya zamani aliiombea ruhusa kwa kaka zake Bibi Zena, akapeleka na mbuzi. Lakini nyumbani aliwalea watoto wake kwa maneno ya kwao, kwamba aliyepanda mti ndiye mwenye mti. Baba alilibeba neno la baba yake akalisahau la mama yake. Miaka yote ile ya mjini ilimsahaulisha.

Basi siku moja nikapigiwa simu na Shangazi Mwanahawa. Huyu mama yake alikuwa mdogo wake Bibi Zena, yaani dada yake baba kwa Kiluguru na kwa Kiswahili. Kaka yake tumbo moja ndiye mkubwa wa ukoo kwa sasa, lakini wote tunajua kichwa ni cha kaka na ulimi ni wa shangazi.

Hakuzunguka. Akaniambia kaka Abeid ameuvunjia ukoo heshima. Ule mteremko ukoo ulikuwa umeuweka kwa ajili ya Mwajuma, binti yake yeye shangazi, aliyerudi nyumbani na watoto baada ya kuachika. Wamemwambia mzee ang'oe miche, amekataa. Kikao kinakaa Jumapili. Asipong'oa, ashuke akaishi mjini kwa wanawe, na shamba lirudi.

Nikauliza, "Na habari ya kuzikwa kwa bibi?"

Shangazi akasema, "Aliyeondoka kwa ugomvi anarudishwaje na jeneza?"

Wakuu, nampigia mzee, ananiambia kwa sauti ya mtu aliyeshiba, "Sing'oi, na sitoki." Kakata simu.

Niliona kabisa mwisho wake. Mzee wangu kwenye stuli Kihonda, anaangalia ukuta wa jirani, mpaka presha imchukue. Kisha tunaanza kubishana azikwe wapi.

Nikaenda dukani kwa Dilip nikiwa nimepandisha mori. Nikamwambia natafuta mwanasheria, natafuta hati, mimi ni msomi wa mjini siwezi kubabaishwa na mila. Dilip alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Nassoro, sisi tulikuwa na hati na mihuri yote, nyumba ikaenda. Acha vitisho. Jumapili nafunga duka, nakupeleka kwa pikapu."

Jumapili tukapanda. Barabara ilikuwa tope, tukaacha gari chini tukamalizia kwa miguu. Dilip alipanda kimyakimya akihema, na mfuko wa sukari mkononi. Nikamuuliza sukari ya nini. Akasema, "Unaendaje kwa watu wenye hasira mkono mtupu?" Mimi mwenye shida nilikuwa nimesahau.

Kikao kilikuwa uani kwa shangazi. Wazee kwenye viti, wanawake kwenye mikeka, na wanawake hawakukaa pembeni, walikaa katikati. Mzee wangu alikuwa amekaa peke yake, kanzu nyeupe, kofia, fimbo. Alikuwa amevaa kama mtu anayekwenda kuoa.

Tukaamkia. Mzee mmoja akamwangalia Dilip akauliza, "Na huyu Mhindi ni wa nani?"

Baba akajibu bila kugeuka, "Wangu."

Watu wakacheka, chai ya mchaichai ikaletwa, na magimbi ya kuchemsha. Nikaona afadhali, labda itaisha vizuri. Haikuwa hivyo.

Mkubwa wa ukoo alifungua kikao kwa maneno machache, akamwachia dada yake. Shangazi hakupaza sauti. Alimwamkia baba kwanza, kwa sababu ni kaka yake mkubwa, kisha akasema ukoo hauna ugomvi na mikarafuu. Ukoo una ugomvi na majina. "Zuwena ni mjukuu wetu, tunampenda, akija hapa anakula na kulala. Lakini Zuwena ana ukoo wa mama yake. Kesho Zuwena ataolewa Mwanza. Mume wake atakuja hapa na kamba ya kupimia. Wanangu mimi nitawaambia nini?"

Baba akasimama.

Akasema mjini tangu mdogo anaitwa Mwarabu. Kiwandani alikuwa Mwarabu, mtaani Mwarabu, hata daftari la misiba wameandika Mwarabu. Hajawahi kuiona hiyo Arabuni wala hana mtu huko anayemjua. Amerudi kwa mama yake, anapanda mti, anaambiwa ameiba. "Sasa mniambie leo, mimi ni wa wapi? Maana baba yangu alikuja hapa mgeni, nami nitakufa mgeni?"

Nilitamani kusimama nimshike, lakini kikao si changu na nilijua. Machozi yalinilenga wakuu, mwanamume mzima na kikombe cha mchaichai mkononi.

Shangazi akamjibu akiwa bado amekaa chini. "Kaka Abeid, ungekuwa mgeni tungeng'oa miche usiku tukakaa kimya. Mgeni haitiwi kikao. Tumekuita kwa sababu wewe ni mtoto wa Zena, na mtoto wa Zena akikosea anaambiwa."

Mzee akakaa.

Wakajadiliana muda mrefu, sehemu kubwa kwa Kiluguru, mimi nikiambulia neno moja moja. Mwajuma mwenyewe, yule aliyewekewa mteremko, alisema maneno machache tu. Kwamba hataki miche ing'olewe, imeshashika, kung'oa mti ulioshika ni mkosi. Anachotaka ni kujua akilima chini ya miti ile hatakuja mtu kumfukuza.

Mwishowe mkubwa wa ukoo akatoa uamuzi. Miche ibaki. Mzee aitunze na achume akijaaliwa kuiona inazaa. Akiondoka duniani inakuwa ya ukoo, na Mwajuma ndiye atakayelima mteremko ule kuanzia msimu unaokuja. Nyumba abaki nayo mzee mpaka mwisho wake. Ila atamke mbele ya wote kwamba miche haina majina ya wajukuu wake.

Macho yote kwa baba.

Nikaogopa. Namjua mzee wangu, kiburi chake kimemponza mara nyingi. Kisha akauliza kitu ambacho hakikuwa kwenye ajenda. "Nikizikwa pale kwa mama, na shamba si la wanangu, wataingia kwa njia ipi kuja kunizuru?"

Shangazi akashangaa kabisa, kama ameulizwa maji yanachemshwaje. "Si kwa hiyo hiyo waliyokuja nayo leo? Kaka, nani aliyekwambia makaburi yanafungwa?"

Mzee akainamisha kichwa. Akasema, "Basi hiyo ni miche ya mama yangu."

Wakati ule sikuelewa uzito wake. Wazee waliguna kwa pamoja, mkubwa wa ukoo akampa mkono, na shangazi akajifuta uso kwa ncha ya kanga. Miche ya Zena ni miche ya ukoo wa Zena. Alikuwa ameirudisha bila kusema ameshindwa, na wakampokea bila kumwambia ameshindwa.

Tukala wali pale. Dilip hali nyama, na nilikuwa nimesahau kusema. Alikuta amewekewa sahani ya maharage na mchicha pembeni, kumbe mzee alikuwa ameshamnong'oneza Mwajuma.

Jioni tukaanza kushuka. Tulipewa mikungu miwili ya ndizi, kila mtu na wake begani.

Niwe mkweli wakuu, nilikuwa na hasira. Nilifurahi kwamba mzee amebaki, lakini wanangu wametolewa kwenye miti yao mbele ya macho yangu, na mimi nimekula wali juu yake. Nikaanza kumlalamikia Dilip. Nikamwambia, "Unaona sasa tofauti yetu? Babu yako alijenga, mpaka leo unakalia kiti chake. Babu yangu kakaa mlimani maisha yake yote, kazaa, kalima, leo wajukuu tunashuka na ndizi. Waarabu tulikosea. Tungekaa mjini, tukajifungia wenyewe kwa wenyewe kama nyinyi, leo tungekuwa na kitu."

Dilip alikuwa mbele yangu. Hakugeuka, aliendelea kushuka akichungulia pa kukanyaga.

Akasema, "Dada kanipigia tena juzi. Makaratasi ya Canada yako tayari. Anasema nifunge duka."

Nikamuuliza umemjibuje.

Akasimama, akautua mkungu wake juu ya jiwe. Akasema, "Mzee wangu alipofariki tulimchoma, majivu kaka akaenda nayo India. Sina hata kaburi la kufyekea nyasi. Leo nimekaa pale nawaangalia watu wazima, wamevaa vizuri, wamepika, wameacha shughuli zao, wanamgombania mzee wako. Anakosea, wanamwita. Sisi tuko Morogoro tangu babu. Hatujawahi kuitwa na mtu. Nikiuza duka nikaondoka, Nassoro, nani ataitisha kikao?"

Nilitaka kumwambia mimi nitaitisha. Lakini mimi ni mpangaji wa vyumba viwili Kihonda, mtu wa Tabora nisiyeijua Tabora. Kikao cha mtu mmoja ni kikao gani?

Nikamsaidia kuupandisha mkungu begani, tukaendelea kushuka mpaka kwenye gari.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki, na mnaweza kunipinga.

Tunapolinganisha jamii za watu waliokuja, tunahesabu vinavyoonekana barabarani: maghorofa, magari, shule za watoto. Kwa hesabu hiyo Mhindi wa mjini amemshinda Mwarabu wa mlimani na hakuna rufaa. Umaskini wa kule juu si hadithi ya kupendeza. Binamu zangu wanabeba ndizi kichwani kwenye utelezi, na mtoto akiumwa ghafla mnambeba mpaka barabarani. Asiwadanganye mtu kwamba undugu unatibu malaria.

Lakini kuna hesabu nyingine isiyoonekana barabarani. Waliokuja wakafungamana wenyewe kwa wenyewe walipata nguvu ya kusimama, na nguvu hiyo hiyo ndiyo inayowabeba kwenda Leicester. Waliokuja wakaoa wakamezwa, walipoteza hata jina la kijiji cha babu, ila wana watu wa kuwagombeza. Kila upande ulilipa, na aliyelipa si babu, ni wajukuu. Na sisi wajukuu hakuna aliyetuuliza.

Ule mpango wa mwanasheria niliuacha. Zuwena nilimweleza kwa taratibu kwamba mti wake sasa ni wa Bibi Zena. Akaniuliza, "Kwani Bibi Zena si ni wetu?" Nikamwambia ndiyo. Sikuwa na moyo wa kumfafanulia zaidi.

Haya, uwanja ni wenu. Wenye asili ya Kihindi, Kiarabu, Kisomali, Kibaluchi, Kigoa, na hata nyinyi Wachaga mlioenea kila stendi, semeni kwenu ikoje. Waluguru nisahihisheni nilipokosea mila, mimi nimeelezwa tu. Matusi acheni, tafadhali, kuna watu wazima humu.

Na kama kuna aliyewahi kuwa kwenye nafasi ya Dilip, akaondoka au akabaki, naomba aandike. Jana nilipita dukani nikamkuta anapanga vipuri vipya kwenye rafu. Nikafurahi, nikadhani ameamua kubaki. Akaniambia anapanga vizuri ili atakayenunua duka asipate shida ya kutafuta.